Nikumbushe Kesho

Saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Njoro inang'ata vidole,
nami nimekiegemeza kishikwambi kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe,
nakisubiri kiniamkie.

Juzi kilikuwa kizima.
Kizee, ndiyo, na ufa kwenye kona
tangu Cherotich akiangushie kifuniko cha mkebe,
lakini ukikigusa kinaitika:
jina, namba, lita, haya, mwingine.
Kisha usiku, mimi nimelala, kikapokea sasisho.
Kikanywa bando langu lote la wiki,
kikaamka na sura mpya, vitufe vya mviringo, rangi za peremende,
na miguu ya mgonjwa.

Sasa kuna kaduara.
Kanazunguka, kanazunguka,
kama ndama aliyefungwa kigingini
ambaye majani ya karibu keshayamaliza.

Foleni imefika kwa kinyozi.
Wanja Gathigia ana lita kumi na mbili na nusu, na mtoto mgongoni.
Mzee Kimosop ana lita nne
na hasira za lita arobaini.
"Karani, maziwa hayajui kungoja!"
Najua, mzee. Lori la chama huondoka saa moja kamili,
na jua likishachungulia juu ya Menengai
halirudi nyuma kumsubiri mtu.

Nilikipeleka Nakuru kwa fundi Otwoma,
yule anayekaa ngazini nyuma ya soko.
Akapima betri, akapuliza vumbi, akaguna.
"Mwili wake mzima," akasema.
"Ila huko kilikotoka, mfumo wameuandikia wajukuu wake.
Wamemtwika babu gunia la kilo tisini,
halafu wanamwambia akimbie."
Nikamwomba arudishe ule wa zamani.
"Mlango huo waliufunga walipopita."
Kisha akanitajia bei ya kipya, polepole,
kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Kipya kinyemi, walisema, kingawa kidonda.
Kidonda nimekipata.
Kinyemi bado kinazunguka.

Basi leo nimetoa daftari,
lile la kurasa mia mbili, limebaki nusu,
na penseli nimeifunga uzi kwenye mzani isiibwe.
Wanja, kumi na mbili na nusu.
Kimosop, nne.
Kimosop akainama juu ya bega langu,
akalisoma jina lake herufi kwa herufi, midomo ikicheza,
akavua kofia.
Miaka sita nampimia maziwa
na hajawahi kuona ninachomwandikia.
"Basi hapo nyuma ya nne ongeza sifuri," akasema,
na foleni nzima ikacheka hadi kwa kinyozi.

Lori likaenda. Vumbi likatua juu ya mikebe mitupu.
Saa tano, sina mtu wala tone,
kishikwambi kikazinduka
kikaniambia kwa herufi kubwa, kwa fahari:
KARIBU. INGIZA MFUGAJI WA KWANZA.

Nikakipangusa uso kwa mkono wa sweta.
Sina ugomvi nacho.
Nyumbani tuna ng'ombe anaitwa Sindano,
alikuwa akitoa lita kumi na nane, siku hizi ni tano,
na mama bado huenda kumkatia majani mabichi yeye kwanza,
akimnong'oneza mambo ambayo sisi hatuambiwi.

Usiku huu kinachaji kando ya jiko.
Kioo kinawaka chenyewe:
Sasisho jipya liko tayari.
Lisakinishwe sasa,
au nikukumbushe kesho?

Nabonyeza kesho.
Kisha natafuta wembe, naichonga penseli.